Yasini Juu ya Maji

Boti niliinunua kwa hasira. Wengine hununua boti kwa ajili ya dagaa, au mizigo, au ili waonekane. Mimi niliinunua kwa sababu kaburi la baba yangu lilikuwa limeingia ziwani, nami sikuwahi kulizuru hata siku moja lilipokuwa nchi kavu.

Nieleze kuanzia mwanzo, maana ukiingia katikati utaniona mwendawazimu. Nimefundisha jiografia Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, pale Katonga, na kila mvuvi wa pwani yetu alimjua kwa mikono yake isiyotakata. Alipougua mara ya mwisho nilipigiwa simu nikaambiwa njoo. Nikajibu, nikimaliza kusahihisha mitihani ninakuja. Zilikuwa zimebaki bahasha tatu za kidato cha nne, na mimi ni mtu wa kumaliza nilichokianza. Baba akafariki Jumapili alfajiri. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri kwenye kijiji alichozaliwa, kusini ya Ujiji kwenye njia ya Ilagala, katika makaburi yaliyokuwa karibu kabisa na maji, kama alivyousia. Mimi nilifika Jumanne na kalamu nyekundu bado ikiwa mkobani.

Mama alikuwa ameshaingia eda, hawezi kutoka kunisindikiza. Kina mama wazee wa Ujiji waliokaa mkekani wakaniambia, mtoto wa kike hakimbilii makaburini, subiri kwanza, utakwenda na mama yako eda ikiisha. Nilikubali upesi mno. Mtu mwenye uchungu wa kweli angebisha kidogo. Ukweli ni kwamba niliogopa, kwa sababu kuna swali nililokuwa nalo tangu nashuka kwenye basi, na sikuthubutu kumuuliza mama wala mtu yeyote: je, baba alinisubiri?

Nikarudi kazini. Likizo ya kwanza nilikuwa na masomo ya ziada, ya pili nikaumwa, ya tatu sikumbuki hata nilisingizia nini. Kisha ziwa likaanza kupanda. Tuliokuwa mbali tulisikia redioni. Waliokuwa huku walishuhudia watu wakibeba milango yao na mabati vichwani. Nyumba za Katonga ziliingiwa, za Ujiji ya chini zikaingiwa, minazi na michikichi ikafa imesimama ndani ya maji. Siku moja ndugu mmoja wa upande wa baba, aliyekwisha hama kijijini na yeye kasikia tu, akanipigia nikiwa katika chumba cha walimu, akasema, "Dada, makaburi ya kijijini yote yameingia maji." Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni kile anachohisi mwanafunzi akiambiwa mtihani umeahirishwa. Aibu ilikuja baadaye, ikakaa.

Nilipostaafu nilirudi Ujiji kuishi na mama. Nyonga yake ilikuwa imeshakataa kazi, anatembea kwa kushika kuta. Alikuwa akienda kumzuru baba kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla ya nyonga na kabla ya maji, na sasa hana pa kwenda. Hakulalamika. Mama yangu halalamiki, anauliza maswali. "Hivi ile mitumbwi ya Ilagala bado inapitia kwetu?" Siku nyingine, "Hivi mtu akisomewa juu ya maji, inamfika?" Nikamjibu kwamba mimi mwalimu wa jiografia, amuulize sheikh. Akasema sheikh alishamwambia inamfika, alitaka kujua na mimi nasemaje.

Kumpakia kwenye boti za mbao za abiria isingewezekana. Ubao mgumu, jua utosini, maji yanakurukia, na nyonga ile! Ndipo nikasikia kuna mgeni mmoja anahama, anauza kiboti chake kilicholala Katonga chini ya turubai. Nikaenda kukitazama. Kilikuwa cha faiba, cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa mgando, urefu wake kama vitanda viwili vikubwa vilivyofuatana. Mbele kina kibanda cha kujikunyata, chenye viti viwili vya sponji vinavyotazamana, vidirisha vya kioo na mlango usiofunga mpaka uupige teke. Nyuma kuna usukani kama wa gari, na mashine. Nikasimama pale nikiona mahali mama atakapoegemea.

Wachuuzi wa samaki walicheka sana. "Mwalimu, hiki hakibebi dagaa, hakibebi abiria, hakibebi saruji. Cha kubebea nini?"

"Cha kumbebea mama yangu," nikasema. Wakacheka tena, ila taratibu.

Fundi wa pale alinifundisha majuma mawili, hatua chache kutoka ufukweni, nikienda na kurudi kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Kanuni yake ilikuwa moja: boti haina breki. Kila nilipoisahau niligonga kitu. Aliposikia kwamba safari yangu ya kwanza ya kweli itakuwa ya kusini, na mama ndani, alishika kichwa. Aliniambia nianze na Bangwe na kurudi, nizoee. Nikamwambia nimezoea. Nimezaliwa na fundi wa mashine, mtoto wa nyoka ni nyoka. Akasema nyoka wengine hawajui kuogelea.

Tuliondoka asubuhi ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri. Bajaji ilitufikisha Katonga wakati boti za dagaa zinarudi, taa zao zimezimwa, samaki wanamwagwa kwenye makarai na kina mama wanapandishiana bei. Wawili kati ya hao wakanawa mikono, wakamshika mama huku na huku, wakampandisha juujuu bila kuombwa. Nikampa jaketi la kujiokolea. Akalitazama lile rangi ya chungwa.

"Hili gunia la nini?"

"Ukianguka majini usizame, mama."

"Nikianguka nitakuwa nimefika," akasema. Lakini alilivaa, juu ya baibui, akaingia kibandani na kikapu chake, akakaa na kujitanda kama biharusi anayengojewa. Nikausikia mdomo wake ukianza dua ya safari ya majini.

Kutoka pale Katonga sitakueleza kwa kirefu. Nilikigonga kimashua cha watu ubavuni. Wavuvi walinipigia kelele, "Mwalimu! Rudisha gia, rudisha!" nami nikarudisha gia na kukigonga kingine. Ufukwe wote ulisimama kunitazama. Nimesimama mbele ya madarasa ya wanafunzi tisini na sijawahi kuaibika vile. Halafu ghafla palikuwa na maji wazi mbele yangu, mashine ikatulia, na pua ya boti ikaanza kukata bila kuniuliza.

Tulipoizunguka rasi, nilimkumbuka baba kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu afe. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Alikuwa akinikalisha juu ya kifuniko cha mashine anayoijaribu, anauweka mkono wangu juu ya chuma chenye joto na kuufunika kwa wa kwake, unaonuka petroli na sabuni ya mche. "Usitazame," alikuwa akisema, "sikiliza. Ikiumwa itakwambia yenyewe." Dada zangu wa mtaani walikuwa wanafundishwa kusuka. Mimi nilijua kutofautisha plagi iliyolowa na plagi iliyokufa kabla sijajua kupika ugali. Alidhani nitabaki. Hakuwahi kusema hivyo, ila siku niliyopata nafasi ya chuo alinunua soda kwa wote, akatoka nje na hakurudi mpaka magharibi.

Nilimtamani. Sina neno jingine. Nikiwa mwanamke mzima mwenye miwani, nimeshika usukani wa boti yangu, nilitamani ule mkono mchafu juu ya wangu mpaka vidole vikauma.

Ujiji ilipita mkono wa kushoto, jua likichomoza nyuma yake. Mama akatoa kichwa kibandani. Hakuwahi kuuona mji wake kutoka majini kwa namna hii, ametulia, hana mtoto mgongoni wala mzigo kichwani. Akaanza kunihesabia nyumba zilizozama. Hapa palikuwa kwa shoga yake. Hapa paliuzwa mawese mazuri kuliko yote. Hapa ndipo baba yako alinisimamisha akaniuliza kama najua njia ya msikitini, na msikiti uko mbele ya uso wake, mwongo yule. Alicheka peke yake. Mimi nilitazama mbele, maana nilishaonywa kwamba boti haina breki.

Mbele kidogo ya Ujiji mashine ikabadilisha sauti. Haikuzima, ilianza kuguna. Nikasikiliza. Nikaipunguza, nikaizima, nikaiinua kutoka majini, nikakuta kipande cha nyavu kimejizungusha kwenye pangaboi. Nilikitoa kwa kisu cha kumenyea maembe alichobeba mama. Nilipowasha tena na ile sauti ikarudi vizuri, mama aliniambia kutoka ndani, "Umefanya uso kama wake."

Saa mbili na nusu hivi tulikiona kijiji. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mahali hapa kama ninavyojiandaa kwa somo. Kwa juma zima nilimhoji mama: ukisimama kaburini unaona nini? Akasema, msikiti wa bati la kijani uko mkono wako wa kuume, na ukiutazama, juu yake kilimani kuna jiwe kubwa jeupe, limekaa sawasawa na paa. Nikachora ramani. Nikaweka dira. Nikamwambia, mama, kazi kwisha, hili ni somo la kidato cha pili.

Na kweli niliona bati la kijani, nikaliona jiwe jeupe. Nikaendesha polepole kati ya vigogo vya minazi iliyokufa mpaka bati na jiwe vikakaa sawasawa. Nikazima mashine na kutupa nanga. Maji yalikuwa ya kina kifupi lakini yamevurugika, huoni chini.

"Ni hapa," nikasema.

Mama akatoka kibandani kwa kutambaa, akaketi ukingoni, akavua kandambili zake. Alitazama maji muda mrefu. Kisha akafungua kikapu, akatoa matawi ya mrehani na chupa ya maji.

"Mama, maji ya nini? Yote haya ni maji."

"Haya ya ziwa si yangu," akasema. "Haya nimeyachota mimi."

Akayamwaga taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayelifuata kaburi kutoka kichwani kwenda miguuni. Akaweka mrehani juu yake, ukaelea. Tukasoma Fatiha. Kisha yeye akasoma Yasini yote kwa moyo, sauti yake ya kizee ikipanda na kushuka, nami nilifuata pale ninapojua. Nilijaribu kumwambia baba maneno niliyokuwa nimeyapanga. Nilikuwa na sentensi mbili nzuri za kuomba radhi. Hazikutoka. Nilitazama mrehani ukisogea na nikahisi niko kwenye kituo cha basi ambapo basi limeshapita.

Tulipomaliza dua na kusema amina, kukasikika amina ya tatu.

Mwanamume wa miaka arobaini hivi alikuwa amesimamisha mtumbwi wake nyuma yetu, kasia kalilaza magotini, mikono imefunguliwa. Alikuwa amengoja tumalize. Akajipangusa uso, akatusalimu, "Mwakeye, bibi. Shikamoo. Shikamoo, mama." Tukamwitikia, tukaulizana habari za asubuhi, za nyumbani na za maji, kama inavyopasa. Ndipo akauliza kwa adabu ni nani tunayemsomea.

"Mume wangu," mama akasema. "Amelala hapa chini."

Yule bwana akakuna shingo. "Hapa, bibi? Hapa palikuwa uchanja wa kuanikia dagaa."

Nikamwambia haiwezekani, msikiti ule pale, jiwe lile pale. Nikamwonyesha na ramani. Akaitazama ramani yangu kwa heshima ambayo haikustahili.

"Msikiti huu mpya, mama. Ule wa zamani ulizama. Tuling'oa bati lile lile, tukajenga tena kule juu, huku kusini. Jiwe ukilipanga na huu, unakuja kwenye dagaa. Makaburi yalikuwa kule," akaonyesha mbali, kwenye vigogo vingine.

Mama aligeuka polepole, akanitazama. "Mwalimu mzima," akasema. "Miaka thelathini serikali inakulipa ufundishe ramani za watu. Nimewasomea dagaa Yasini!"

Ningependa kusema nilicheka. Nilikasirika, nilitaka kumrukia mtu, na mtu wa kurukiwa alikuwa mimi. Nikaanza kuvuta nanga ili twende kwenye yale makaburi ya kweli. Yule bwana akaniwekea mkono kwenye ukingo wa boti.

"Ngoja, mama. Huyo mzee ni nani? Kule chini hakuna mtu sasa."

Nikamwambia ni yule fundi wa mashine wa Katonga, aliyeletwa kuzikwa hapa.

"Fundi mashine? Ego, ndiyo! Huyo si yuko juu!" Akaelekeza mkono kilimani, kwenye udongo mwekundu nyuma ya msikiti. "Tulimhamisha. Maji yalipofika ukingoni mwa makaburi, sheikh akaita mkutano, akasema maiti wasiachwe kuchukuliwa na ziwa. Wenye watu wao walikuja kuwahamisha. Wasio na watu tukawahamisha sisi."

Wasio na watu. Baba yangu, mwenye mke Ujiji na binti mwenye shahada, alihamishwa katika fungu la wasio na watu.

"Na mbona hamkutuambia?" Nilisema kwa ile sauti ya darasani. Hata vifaranga vya bata waliokuwa karibu waliondoka.

Hakukasirika. "Tulipiga simu, mama. Namba iliyoandikwa katika daftari la msikiti ilikuwa ya mzee mwenyewe, tangu akiwa hai anachangia. Hatukuwa na nyingine. Tulipiga siku tatu. Haikupatikana."

Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba simu hiyo iko kwenye kasha pamoja na kofia yake. Sikusema kwamba namba hiyo hata mimi niliwahi kuipiga nikiwa Dar, zaidi ya mara moja, nikijua fika.

Boti yangu isingeweza kufika ufukweni, vigogo vimejaa na nyumba zimelala chini ya maji. Mama hawezi mtumbwi. Yule bwana akasema, bila kutaka kutuumiza, kwamba siku nyingine tuje kwa gari, gari za Ilagala zinashusha abiria pale juu, kutoka hapo hadi makaburini ni hatua hamsini, tambarare. Nilitazama kiboti changu chenye viti vya sponji. Mama naye akakitazama.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi nitakuja kwa gari. Wewe hujawahi kwenda."

Alijua, basi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia kwamba sikwenda, na yeye hakuwahi kuuliza.

Nikashuka kwenye mtumbwi na miwani yangu na kanga, nikapandishwa kijijini na mtu nisiyemjua. Makaburi mapya yalikuwa safu moja iliyonyooka, mafungu ya udongo mwekundu yaliyopangwa mawe pembeni, yamefagiliwa. Akaniambia la tatu. Nikasimama. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hofu hadi nilidhani nitaanguka, na badala yake nilimwonea wivu mwenyeji wangu. Alijua la tatu. Alifika kabla yangu hata hapa.

"Nani alimbeba?" nikauliza.

"Mimi na kaka yangu tulichimbua. Kumbeba nilimbeba mimi. Aliwahi kuitengeneza mashine yangu usiku wa sikukuu, akakataa chochote." Akainua mikono yake miwili mbele ya kifua kunionyesha jinsi alivyombeba, ndani ya sanda mpya. "Alikuwa mwepesi, mama. Mwepesi sana."

Hapo ndipo nililia. Nilikaa chini kwenye udongo ule, mwalimu mzima kama alivyosema mama, nikalia kwa sauti mpaka watoto wakaitwa ndani. Baba niliyemjua alikuwa mzito. Alikuwa akinirusha juu na kunidaka kwa mikono kama magogo, na alipokuwa akiketi kitandani kwangu kunijulia hali godoro lote lilikuwa likiinamia upande wake. Mtu mwingine ndiye aliyeijua siku yake ya wepesi. Yule bwana alikwenda akasimama mbali, akanipa mgongo, mpaka nilipomaliza. Sijawahi kufanyiwa adabu kubwa kuliko hiyo.

Niliporudi botini mama alikuwa bado ameketi ukingoni, miguu majini.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Pakavu?"

"Pakavu kabisa, mama. Udongo mwekundu. Pamefagiliwa."

Akavuta kanga usoni na mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya lile gunia la chungwa. Nilidhani nimeishi na mama na kumjua. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba miaka yote hiyo, kila akijifunika blanketi, alikuwa na mume aliyelala majini.

Tulirudi upepo ukiwa umeanza kuamka, boti inarukaruka kidogo. Mama hakutaka tena kukaa kibandani. Alikaa karibu yangu, akashika kiti, akaongea juu ya baba bila kukoma, uongo wake, ukaidi wake, alivyokuwa hali migebuka mpaka atolewe miiba kama mtoto. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo tangu msiba. Mashine ilikuwa ikinguruma, na labda kwa sababu hiyo, nusu yangu ikitumaini kwamba hatasikia, nikauliza.

"Mama. Alinisubiri?"

Alisikia. Akaniambia, "Zima hiyo mashine. Siwezi kulipigia kelele jambo kama hili."

Nikaizima. Boti ikapungua mwendo, ikakaa ubavu kwa mawimbi. Milima ya Kongo ilikuwa ng'ambo, ya buluu hafifu, na hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Alikusubiri," mama akasema. "Kila asubuhi aliuliza basi la Dar linaingia saa ngapi. Ijumaa alitaka anyolewe ndevu, akasema usimkute kama mgonjwa. Nikamnyoa mimi mwenyewe."

"Na Jumamosi?"

Mama alinitazama. Angeweza kunidanganya, na mimi ningeupokea uongo huo kwa mikono miwili na kuuweka maisha yangu yote.

"Jumamosi hakuuliza," akasema.

Boti ilizungushwa polepole na maji. Kisha mama akasema ana njaa, nikawasha mashine.